Kupima damu kugundua ugonjwa wa kiwele kwa mbuzi na kondoo: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Mbuzi wangu wa kwanza kufa kwa ugonjwa wa kiwele alikamuliwa asubuhi maziwa yakatoka meupe, hayana bonge wala damu. Jioni alikataa pumba. Alfajiri ya siku iliyofuata upande wa kushoto wa kiwele ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ngozi imeanza kugeuka bluu. Daktari alimtoa damu, nami nikaipeleka Arusha mjini kwa bodaboda kutoka Usa River. Niliizika kwenye barafu tupu, na ikatikisika njia nzima. Ilipofika ilikuwa imeharibika, haikusomeka. Mbuzi alikufa usiku ule, akaacha watoto wawili wa siku kumi na moja.

Kosa la kusafirisha lilikuwa langu. Ila baadaye nilielewa kosa jingine kubwa zaidi: hata ile damu ingefika salama, sikujua nilitaka iniambie nini. Tangu hapo nimewauliza madaktari wa mifugo na watu wa maabara mpaka nikaelewa, na nimekuwa nikifanya hivi kwenye banda langu na mabanda ya jirani. Haya ndiyo niliyotamani mtu angenieleza mapema.

Jambo la msingi ni hili. Damu haikuambii ni upande gani wa kiwele unaumwa, wala ni mdudu gani yumo ndani. Hayo yanajibiwa na mkono wako na maziwa. Damu inakuambia mwili mzima umelichukuliaje shambulio, kama ugonjwa umeshatoka kwenye kiwele na kuingia mwilini, na kama dawa uliyoanza inafanya kazi. Anayepima damu bila kupima maziwa ya siku hiyohiyo anapata namba asizoweza kuzitumia.

Kinachotokea ndani ya damu

Bakteria wakipanda kupitia tundu la chuchu, chembe za ulinzi zilizomo kwenye kiwele hutoa ujumbe wa kikemikali unaoitwa saitokini. Ujumbe huo husafiri na damu mpaka kwenye ini. Ini likiupokea hubadili kazi: hupunguza kutengeneza albumini, protini yake ya kila siku, na kuanza kumwaga protini nyingine za kupambana na maambukizi. Nitaziita protini za dharura. Kwa mbuzi na kondoo kuna tatu za kuzijua kwa jina.

Ya kwanza kuamka ni amiloidi A ya seramu (seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda), ambayo maabara huiandika SAA. Hupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, kisha hushuka haraka ugonjwa ukitulia. Ya pili ni haptoglobini. Kwa mbuzi mzima huwa kidogo sana, kwa vipimo vingi chini ya gramu 0.1 kwa lita, na ndiyo maana ikipanda huonekana wazi: mnyama mwenye maambukizi makali anaweza kupita gramu 1. Yenyewe huchelewa kidogo. Huhitaji karibu siku nzima kuonekana vizuri, hukaa juu siku kadhaa, na inaweza kubaki juu zaidi ya wiki. Ya tatu ni fibrinojeni, ile inayosaidia damu kuganda. Hii haipandi mara kumi wala mara ishirini. Hupanda mara mbili au tatu tu, na taratibu. Uzuri wake ni kwamba inaweza kupimwa kwa vifaa vya bei ndogo, kama nitakavyoeleza.

Kuna seruloplazimini pia, inayobeba shaba kwenye damu, nayo hupanda kiasi. Albumini kwa upande wake hushuka. Usiitegemee sana albumini hapa kwetu, kwa sababu minyoo ya tumbo, hasa ule mnyoo mwekundu unaonyonya damu, huishusha pia. Mbuzi wangapi wa Kikatiti au Bomang'ombe hawana minyoo wakati wa masika?

Kisha kuna chembe nyeupe zenyewe. Mbuzi mzima huwa na takriban 4,000 mpaka 13,000 katika maikrolita moja ya damu, kondoo 4,000 mpaka 12,000. Tofauti na binadamu, wanyama hawa kwa kawaida wana limfosaiti nyingi kuliko nutrofili, zote mbili zikiwa aina za chembe nyeupe. Uwiano ukigeuka, nutrofili zikawa nyingi, kuna vita mahali. Na jumla ikishuka chini ya kawaida huku mnyama ana homa, usishangilie. Maana yake chembe zimekimbilia kwenye kiwele na kuisha kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza. Nimeona watu wakifurahi kwa kuona namba ndogo.

Hatua ya kwanza: kiwele na maziwa kabla ya sindano

Mbuzi na kondoo wana pande mbili za kiwele, siyo nne kama ng'ombe, na hilo linakusaidia: upande mmoja ni shahidi wa mwenzake. Baada ya kukamua, kiwele kikiwa kimelegea, shika pande zote mbili kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Linganisha joto, ugumu, ukubwa. Papasa uone kama kuna mafundo ndani. Kondoo ambao hawakamuliwi, kama hawa wekundu wa Kimasai wanaochungwa Monduli na Siha, wachunguze kupitia watoto wao. Mwanakondoo anayelia njaa na kudhoofu, mama anayempiga teke mtoto akija kunyonya, au mama anayechechemea mguu wa nyuma bila kidonda kwenye kwato, mshike umguse kiwele siku hiyohiyo. Kwa kondoo, mmoja wa wadudu wakali wa kiwele ni Mannheimia haemolytica, anayeishi kooni mwa mwanakondoo na kuingia kwenye chuchu wakati wa kunyonya.

Pima joto la mwili kwa kipimajoto cha nyuma mnyama akiwa ametulia kivulini. Nyuzi 38.5 mpaka 39.5 hivi ni kawaida, ikipita 40.5 andika na umwite mtaalamu.

Sasa maziwa. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi uone mabonge, maji au damu. Kisha tumia CMT, ile dawa ya kuchanganya kwenye kibao chenye vikombe. Weka mililita 2 au 3 za maziwa ya kila upande kwenye kikombe chake, ongeza dawa kiasi kilekile, zungusha kibao sekunde 10, angalia kama yanakuwa mazito au yanaganda kama ute wa yai. Usipoipata dukani, sabuni ya unga ya kufulia gramu 30 kwenye lita moja ya maji inafanya kazi inayofanana nayo, ingawa kuisoma kunahitaji mazoezi.

Hapa wengi hupotea. Mbuzi si ng'ombe. Kiwele cha mbuzi hutoa maziwa kwa namna ambayo vipande vya chembe hukatika na kutoka navyo, na mwishoni mwa kipindi cha kukamuliwa au akiwa kwenye joto la kupanda, chembe huongezeka bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana sheria ya Marekani inaruhusu chembe 1,500,000 katika mililita moja ya maziwa ya mbuzi, wakati ya ng'ombe mwisho ni 750,000. Kwa hiyo uzito kidogo unaofanana pande zote mbili usikutishe. Kinachotakiwa kukushtua ni tofauti: upande mmoja maji, mwingine ute.

Kabla hujamaliza, chukua sampuli ya maziwa ya kuotesha bakteria. Safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, acha ikauke, mwaga matone mawili matatu, kisha kamulia mililita 5 kwenye kichupa safi kilicholazwa pembeni ili vumbi na manyoya yasidondokee ndani. Fanya hivyo kabla ya dawa yoyote. Ukishachoma antibiotiki, maabara inaweza isioteshe kitu na mdudu akawa bado yumo.

Je, damu inahitajika kweli?

Si kila mara. Mbuzi anakula, hana homa, upande mmoja una CMT ya juu: huyu ana ugonjwa uliojificha, na mara nyingi wahusika ni bakteria wa stafilokokasi, wale wapole. Protini za dharura kwenye damu yake zinaweza kupanda kidogo au zisipande kabisa. Kwake fedha yako iende kwenye kuotesha maziwa.

Damu ina faida kubwa katika hali nne. Mnyama anaumwa mwili mzima na hujui kama chanzo ni kiwele au mapafu. Kiwele kimekuwa kigumu lakini maziwa hayana dosari. Matibabu yameanza na unataka kujua kama yanashika. Au unanunua mbuzi wa bei kubwa, Toggenburg au Saanen wa maziwa, na hutaki kuleta tatizo kwenye zizi lako. Ukiwa kwenye mojawapo ya hizo, endelea.

Chagua siku vizuri

Protini za dharura hazijui sababu. Hupanda kwa jeraha lolote. Kuzaa kwenyewe huzipandisha, kwa hiyo siku kumi za mwanzo baada ya kuzaa zisome kwa tahadhari. Chanjo huzipandisha kwa siku kadhaa. Kukata pembe, kuhasi, kuswagwa mwendo mrefu kwenda mnadani au joshoni, vyote vinaacha alama. Na kama mnyama alichomwa dawa ya kutuliza uvimbe ya jamii ya deksamethasoni, nutrofili zitapanda kwa sababu ya dawa tu. Mwambie daktari ukweli wote wa dawa ulizotumia, hata zile ulizopewa na jirani.

Mapema sana nako ni tatizo. Ndani ya saa kumi na mbili za kwanza ini halijapata muda, haptoglobini inaweza kuonekana ya kawaida wakati kiwele kinaoza. Yule mbuzi wangu angeweza kuonekana mzima kwenye karatasi. Kiwele kikiwa baridi na bluu usisubiri karatasi, hiyo ni dharura ya kuitiwa daktari saa hiyohiyo.

Kutoa damu

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kazi yako wewe mfugaji ni kumshika mnyama vizuri, na kushika vizuri ni nusu ya ubora wa damu.

Msimamishe mbuzi kwenye kona ya banda, makalio yaguse ukuta. Simama ukimbana kwa magoti, inua kidevu na kugeuza kichwa kidogo pembeni. Usimkabe. Mtaalamu atanyoa au kupangua manyoya kwenye mtaro wa shingo, apanguse kwa spiriti, abonyeze chini kwa kidole gumba ili mshipa ujae, kisha aingize sindano namba 18 mpaka 20. Sindano nyembamba mno hupasua chembe nyekundu.

Vinahitajika vichupa viwili. Chenye kifuniko chekundu hakina dawa, hicho ni cha seramu: haptoglobini, SAA, albumini na kingamwili. Cha zambarau kina EDTA inayozuia damu kuganda: ni cha kuhesabu chembe na fibrinojeni. Usivichanganye. Fibrinojeni haimo kwenye seramu, kwa sababu ndiyo iliyotumika kugandisha.

Mama mmoja wa Kibosho aliwahi kunizuia, akisema mbuzi wake ana mimba na tunammaliza damu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mbuzi wa kilo 40 ana damu karibu lita 2.8, maana damu ni kama asilimia 7 ya uzito. Mililita 10 tunazochukua ni chini ya nusu ya asilimia moja. Nilimwonyesha kwa kijiko cha chai: viwili tu. Akashika pembe mwenyewe.

Damu ikiingia kwenye kichupa cha zambarau, kigeuze taratibu mara nane hivi, juu chini, kama unayemgeuza mtoto aliyelala. Usikitikise. Ukimimina kutoka kwenye bomba la sindano, ondoa sindano kwanza na uache damu itiririke ukutani mwa kichupa. Vaa glovu muda wote; kuna magonjwa ya mbuzi yanayompata binadamu.

Andika kwenye kila kichupa namba ya hereni, tarehe na saa, kwa kalamu isiyofutika. Karatasi iliyofungwa kwa mpira wa bendi huanguka.

Kutunza na kusafirisha

Kichupa chekundu kisimamishe kivulini dakika 30 mpaka saa moja damu igande yenyewe. Usikiweke kwenye baridi kabla haijaganda. Kama mtaalamu ana mashine ya kuzungusha damu, seramu itenganishwe ndani ya saa mbili na kuhamishiwa kwenye kichupa kipya. Kama hana, kiache kisimame kwenye friji mpaka seramu ijitenge juu, kisha aivute kwa uangalifu bila kugusa bonge.

Damu nzima haigandishwi kwenye friza kamwe. Chembe nyekundu hupasuka, seramu inageuka nyekundu, na hapo haptoglobini imeharibika kabisa, kwa kuwa kazi yake ya asili ni kukamata ile rangi nyekundu ya damu inayomwagika chembe zinapopasuka. Na kipimo chake cha kawaida cha maabara kinategemea ukamataji huohuo. Seramu ya rangi ya maji au ya asali nyepesi ni nzuri. Seramu ya rangi ya juisi ya rosela ni ya kutupa na kurudia.

Tumia boksi la baridi lile la kubebea chanjo. Funga pakiti za barafu kwa gazeti au kitambaa, weka vichupa wima, visigusane na barafu. Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80. Damu iliyotoka Marangu asubuhi inaweza kufika maabara mchana kwa basi dogo bila shida, ilimradi umeishika wewe mkononi na si kuitupa kwenye buti. Maziwa yasafiri humohumo, na yafike ndani ya saa 24.

Wapi, na uombe nini

Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Arusha. Anza hapo, au mpitie daktari wa mifugo wa wilaya akuandikie fomu. Piga simu kabla ya kumchoma mnyama sindano. Uliza vipimo gani vinafanyika wiki hiyo, maana vitendanishi, yaani dawa za kupimia, huisha. Haptoglobini kwa njia ya rangi hufanya kazi kwa wanyama wa aina nyingi. SAA inahitaji kifaa chenye kingamwili zinazoitambua ya mbuzi au kondoo, kwa hiyo uliza wazi.

Sasa onyo kwa sababu naliona kila mwezi: usipeleke damu ya mbuzi kwenye maabara ya watu ya mtaani ukaomba CRP. Kwa binadamu CRP ni kipimo kizuri cha maambukizi. Kwa mbuzi na kondoo protini hiyo siyo kiashiria kikuu, na kifaa kimetengenezwa kutambua ya mtu. Mashine ya kuhesabu chembe nayo, ikiwa imepangwa kwa damu ya binadamu, hudanganyika. Chembe nyekundu ya mbuzi ni ndogo kuliko ya mnyama yeyote wa kufugwa nyumbani, upana wake haufiki hata nusu ya ile ya mtu. Mashine huweza kuzihesabu kama chembe sahani, zile ndogo za kugandisha damu. Utaletewa karatasi nzuri yenye muhuri inayosema mbuzi hana damu.

Kama maabara iliyo karibu haina haptoglobini, omba fibrinojeni kwa njia ya joto. Inahitaji vitu vitatu: mirija myembamba ya kioo na mashine yake ya kuzungusha, maji ya nyuzi 56, na rifraktomita ya kusoma protini. Mirija miwili hujazwa damu ya EDTA na kuzungushwa. Kwa mbuzi izungushwe dakika 10, kwa kuwa chembe zake ndogo hazishuki haraka kama za ng'ombe. Wa kwanza unasomwa PCV, yaani asilimia ya chembe nyekundu, kisha majimaji yake yanawekwa kwenye rifraktomita. Wa pili unaloweshwa kwenye maji ya nyuzi 56 kwa dakika 3, fibrinojeni inaganda, unazungushwa tena, majimaji yanasomwa. Tofauti ndiyo fibrinojeni. Mfano: kabla 7.4, baada ya joto 6.9, tofauti ni gramu 0.5 kwa desilita, sawa na miligramu 500. Kwa mbuzi kawaida huwa 100 mpaka 400. Njia hii ni ya makadirio; kosa dogo la jicho kwenye rifraktomita ni miligramu 100 nzima. Kwa hiyo 450 moja peke yake haina uzito. 700 ina uzito. Na mnyama aliyekaukiwa maji kwa kuhara protini zake zote hupanda kwa pamoja, kwa hiyo mwangalie macho na ngozi kabla ya kuamini.

Kutoka kwenye seramu hiyohiyo omba pia vipimo viwili vya kingamwili. Kimoja ni cha CAE, virusi vinavyofanya kiwele kuwa kigumu pande zote mara baada ya kuzaa, maziwa kidogo lakini safi, na magoti kuvimba. Ugonjwa huu umetembea na mbuzi wa maziwa wa kigeni. Hauna tiba na antibiotiki haiugusi, hivyo kuujua kunakuokoa na miezi ya sindano za bure. Watoto wa mama huyo watenganishwe mara wanapozaliwa, wapewe dang'a iliyopashwa nyuzi 56 kwa saa moja. Kingine ni Rose Bengal, cha bruselosisi, ugonjwa unaoweza kumpata mtu kwa maziwa mabichi. Hiki si cha kiwele. Ni cha wale watoto na wagonjwa nyumbani wanaopewa maziwa ya mbuzi kwa sababu yanasifiwa. Chemsha maziwa, majibu yakiwa yoyote.

Kusoma majibu

Weka karatasi ya damu na daftari la kiwele mezani pamoja, ukiwa na daktari.

Haptoglobini au fibrinojeni iko juu, kuna homa, CMT ni nzito upande mmoja: kiwele kinaumwa na mwili unajua. Matibabu yaanze sasa, yabadilishwe baadaye maziwa yakiotesha mdudu mwingine.

Damu imetulia, CMT nzito upande mmoja: ugonjwa uliojificha. Hapa haraka haina faida. Mkamue huyu wa mwisho, subiri majibu ya kuotesha, na panga na daktari kama atibiwe sasa au wakati wa kukaushwa, yaani anapoachishwa kukamuliwa.

Damu iko juu, pande zote za kiwele ziko sawa: achana na kiwele. Kagua kwato, sikiliza mapafu, uliza kama kondo la nyuma lilitoka lote, tafuta majipu chini ya taya na mbele ya bega. Kumbuka tarehe ya chanjo. Wafugaji wengi hapa huchoma dawa za kiwele kwa mbuzi mwenye jipu, na dawa ikiisha jipu bado lipo.

Chembe nyeupe ziko chini, homa au mwili umeanza kupoa, kiwele cha bluu: huyu ana sumu ya bakteria kwenye damu, mara nyingi ya Staphylococcus aureus. Wanaopona hupoteza upande ule wa kiwele, unadondoka wenyewe kwa wiki kadhaa. Dawa za maumivu ni haki yake, usizisahau kwa kubana matumizi. Na watoto watafutiwe mama mwingine au chupa siku hiyohiyo.

PCV ya mbuzi ikiwa chini ya 22, au ya kondoo chini ya 27, shughulikia minyoo pia, kwa sababu mwili usio na damu haumalizi vita ya kiwele.

Rudia, siku ya tatu na ya saba

Kipimo kimoja ni picha. Thamani ya damu huonekana kwenye mfululizo: siku ya kuanza dawa, siku ya tatu, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi. Dawa ikishika, SAA itakuwa imeanguka siku ya tatu, wakati haptoglobini bado inaweza kuwa juu. Usibadili dawa kwa sababu ya hiyo peke yake kama mbuzi anakula na joto limeshuka. Haptoglobini ikiwa bado juu siku ya kumi kuna kitu kimebaki, usaha ndani ya kiwele au ugonjwa mahali pengine. Hapo ndipo wengi huongeza dozi ileile wiki nyingine. Afadhali kuotesha maziwa upya.

Mimi sasa kila mbuzi wangu anatolewa damu mara moja kwa mwaka akiwa mzima, anapokaushwa: fibrinojeni naiandika kwenye daftari lake, na seramu naomba maabara wanihifadhie kwenye friza. Siku akiumwa, simlinganishi na mbuzi wa kwenye vitabu bali na yeye mwenyewe. Mwaka jana jike langu la tatu alikuwa na fibrinojeni 400, ambayo kwa kawaida ni nzima. Lakini kwenye daftari lake ya kila mwaka huwa kati ya 150 na 200. Tulikamua upande wa kulia tena, tukakuta ute mwembamba, maziwa yakaotesha stafilokokasi, akatibiwa akiwa bado anakula. Siku ya kumi na nne CMT ya pande zote ilikuwa maji. Tulihesabu siku za kumwaga maziwa alizoandika daktari, na zilipoisha ndipo maziwa yake yakarudi kwenye ndoo.